Nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Leo nimlipe mtu anipeleke kuwinda?

Shikamoo Mama,

Huwa nakusoma nikiwa nimeegesha lori nasubiri kushusha mzigo, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja na mimi nitakuandikia. Jina langu naomba lisitokee. Wachaga wa Denver na Aurora tunajuana, na mama watoto naye anakusoma.

Nina miaka 43. Nyumbani ni Marangu. Niliingia Marekani mwaka 2011, naendesha lori, na tuna kijana wa miaka 15 na binti wa miaka tisa. Shida yangu ukiitazama juu juu ni ya mtu aliyeshiba: nataka kwenda kuwinda elki, na sijui niende vipi.

Kwa wasomaji walio mbali, elki ni ndugu mkubwa wa yule ayala anayesomwa kanisani. Dume linapita kilo 300, na pembe zake zina matawi kama mti uliopukutika. Hapa Colorado ndiko waliko wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Ikifika Oktoba wenzangu kazini hawana habari nyingine. Miaka kumi nimewasikiliza kama mtu anayesikiliza mpira wa timu isiyo yake.

Mwaka jana katikati ya Septemba nilishusha mzigo Craig, kaskazini magharibi mwa jimbo. Nilikuwa na siku nzima mkononi. Nikapata usafiri hadi kwenye msitu wa Routt, nikaingia kutembea tu. Jioni nikasikia sauti. Mama, sijui nikuelezeje. Inaanzia chini kama mlango wenye bawaba kavu, inapanda mpaka inakuwa filimbi, halafu inaishia kwa mguno. Lilikuwa dume linaita. Nikaacha njia, nikalifuata. Likaita tena, karibu zaidi, nikaona pembe zinapita juu ya vichaka na mvuke wa pumzi yake. Nilisimama pale nikatetemeka, mtu mzima mwenye mkopo wa nyumba.

Kisha giza likaingia na nikagundua sijui nimetokea wapi. Simu haina mtandao. Nimevaa sweta la pamba na viatu vya kazini. Nilizunguka kwa muda wa saa nne, mpaka niliposikia gari kwa mbali, nikaufuata mlio wake hadi barabarani. Nyumbani nilisema mzigo ulichelewa kushushwa. Mama watoto hajui mpaka leo.

Sasa nina njia mbili. Wenzangu wawili kazini wanakwenda kila mwisho wa Oktoba, msimu wa pili wa bunduki, siku tisa, kwenye msitu wa serikali. Hawana mwongozaji, wanalala kwenye hema na kujipikia. Mmoja amekwenda misimu mitatu na kupata jike mmoja. Mwingine hajawahi kupata kitu. Leseni kwangu mimi mkazi haifiki dola mia moja, chakula na mafuta tunachanga.

Njia ya pili ni kampuni ya uwindaji. Siku tano, farasi, hema lenye jiko la kuni, mpishi, na mwongozaji mmoja kwa wawindaji wawili. Dola 6,800, bila leseni wala bakshishi. Nusu wanaitaka kabla ya tarehe 15 Februari, na hairudishwi.

Mama watoto anasema kwa pesa hiyo tunakwenda nyumbani Desemba, wote wanne. Mama yangu ana miaka 79, na mara ya mwisho kumwona ni 2021. Na hiyo njia ya bei rahisi ndiyo hataki hata kuisikia. Anasema bunduki haiingii nyumbani kwake, na mtu mweusi mwenye bunduki msituni anajitafutia makubwa. Zaidi ya hayo, kwetu ukikutwa na paja la swala ni nyara za serikali, unakwenda jela. Kijana wangu kwa upande wake ameshaanza kutazama video za kuchuna.

Na kuna jambo jingine ambalo naona aibu kulisema. Kabla sijaja huku nilikuwa mgumu, mpagazi wa Kilimanjaro, miaka sita, kisha msaidizi wa mwongozaji miaka mitatu. Uhuru nimefika zaidi ya mara arobaini. Nimebeba mahema ya watu, viti vya watu, hata choo cha watu. Mlima naujua na baridi naijua. Kila nikishika simu nilipe ile nusu, sauti inaniambia: wewe uliyewabeba, leo unalipa ubebwe?

Nishauri, Mama.

Mgumu wa zamani, Aurora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu kwa sauti. Yeye amewinda huku Colorado misimu kumi na mmoja, bila mwongozaji. Kwenye choo cha watu alicheka. Tulipofika kwenye sweta la pamba akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. Mimi bunduki sijaigusa. Kazi yangu ni kukaa nyumbani Oktoba nikitazama simu, na kupanga nyama kwenye friza. Kwa hiyo elewa tangu mwanzo kwamba anayekujibu anaielewa njaa yako, ila amekaa kwenye kiti cha mkeo.

Umeiandika shida yako kama njia panda: huku wenzako wa kazini, huku kampuni. Nikiisoma naona mambo yamesukwa pamoja kama ukili. Kuna tiketi za Desemba, kuna bunduki ndani ya nyumba, kuna kijana anayetaka kwenda na baba yake, kuna hiyo aibu ya kubebwa, na kuna sauti uliyoisikia Septemba. Ukivuta mmoja, yote yanakuja. Acha niyavute polepole, na pale nitakapokosea utanisamehe.

Nianze na "mlima naujua". Unaujua, sibishi. Wengi wanaotoka nyanda za chini kuja kuwinda huku huumwa kichwa na kutapika siku ya pili, na wewe unaishi kwenye mita 1,600 tayari. Elki mwisho wa Oktoba wako kwenye mita 2,500, 3,000, chini ya Horombo ulikolala mara mia. Lakini Marangu kuna njia. Kuna vibanda. Mzigo umefungwa na kupimwa, mwisho kilo 20, na kila mtu anajua leo tunaishia wapi. Huku njia ni ile atakayoichagua elki, na huwa haichagui kwa kukuonea huruma.

Na mzigo haujafungwa. Dume moja likishatolewa mifupa linaacha nyama kilo 80 hadi 100. Chukua safari nne za kilo 20 na kitu. Kama limeanguka kilomita nne kutoka barabarani, umetembea kilomita 28 hadi kuifikisha ya mwisho garini, na nusu ya safari hizo ni gizani. Ukiwa na wenzio wawili inapungua sana. Lakini je, wenzio nao wanajua kubeba? Wewe mwenyewe umekaa kwenye kiti cha lori tangu lini?

Nikuambie kilichotokea msimu wa pili wa mume wangu. Alipata jike saa tisa na nusu alasiri, akafurahi, akapiga picha. Walipomaliza kumkata vipande ilikuwa saa mbili usiku, kwa tochi za kichwani. Paja moja waliliacha na ngozi yake, wakalitundika kwenye mti wakisema baridi ni kali, litakaa. Ngozi ya elki ni blanketi. Asubuhi ya pili nje lilikuwa limeganda kama jiwe, na ndani, pale kwenye nyonga, nyama imeshachacha. Mimi ndiye niliyefungua mfuko kwenye meza ya jikoni. Harufu ile ilikaa puani wiki nzima. Paja zima tulilitupa, na sheria ya huku inahesabu kuacha nyama iharibike kuwa kosa. Hakuna aliyemshtaki. Ila mume wangu alikaa nje kwenye ngazi akiwa na kisu mkononi, hasemi. Tangu hapo ngozi inatoka kabla ya picha.

Hilo ndilo mwongozaji analolijua bila kufikiri. Na hapo nakuja kwenye aibu yako.

Ulikuwa msaidizi wa mwongozaji miaka mitatu. Niambie, kazi yako ilikuwa nini? Mizigo walikuwa nayo wagumu. Nadhani wewe ulikuwa unatazama midomo ya wageni kama inabadilika rangi, unawauliza maswali ya kipuuzi usikie kama ulimi unateleza. Na usiku ule wa kutoka Kibo, kuna aliyetaka kuendelea, wewe ukamshika mkono ukamwambia tunashuka. Alikasirika, pengine alikutukana. Je, ulimwona amebebwa? Ulimdharau kwa kuwa alikulipa? Nauliza kwa sababu sidhani kwamba sauti inayokusema inakutoka wewe uliyekuwa kule juu. Huenda ni ya kijana wa miaka 22 aliyebeba choo cha watu, na kijana huyo ana haki ya kuwa na hasira, ila sijui kama ndiye wa kuachiwa akupangie safari hii.

Tena kuna tofauti moja. Kilimanjaro hifadhi hairuhusu mtu kupanda bila mwongozaji, hata awe bingwa wa dunia. Ukivuka mpaka hapa ukaingia Wyoming, asiye mkazi wa jimbo hilo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwenye yale maeneo ya serikali kuu yaliyotengwa yabaki pori bila mwongozaji au mkazi wa kuandamana naye. Colorado inakuachia uchague mwenyewe. Kwa hiyo hapa hakuna sheria ya kujificha nyuma yake. Ukienda peke yenu, umechagua, na ukilipa, umechagua.

Sasa nikusemee na upande wa aibu yako, maana una ukweli ndani yake. Wageni uliowafikisha Uhuru, wangapi wangeweza kurudi mwaka uliofuata bila wewe? Anayelipa huamshwa saa kumi usiku, hupandishwa farasi, huambiwa kaa hapa, tazama pale, sasa piga. Akibahatika anarudi na nyama, na hajui kwa nini walikaa upande ule wa bonde. Wapo waongozaji wanaofundisha, na wapo wanaokupeleka kama mzigo. Ukipiga simu, waulize: nikitaka kujua kila unachokiona, utanieleza au utaniambia ninyamaze? Jibu lake litakuambia mengi kuliko picha za pembe kwenye tovuti yao.

Na ukipiga, uliza na haya. Kampuni ya uwindaji hapa Colorado lazima iwe imesajiliwa na jimbo, iwe na dhamana na bima, na ikupe mkataba wa maandishi. Kama inafanyia kazi ndani ya msitu wa taifa, iwe pia na kibali cha huduma ya misitu kwa msitu huo. Usajili unaangaliwa kwenye intaneti kwa dakika tano. Uangalie kabla ya kutuma hata senti. Soma mkataba neno kwa neno. "Nafasi ya kupiga" maana yake ni kwamba umemwona mnyama na bunduki ilikuwa mkononi. Haimaanishi nyama. Kwa jimbo zima, ukichukua wawindaji wote wa elki, wanaopata kwa mwaka ni kama wawili katika kumi. Mwongozaji mzuri anainyanyua bahati yako, ila dola 6,800 hazinunui elki. Zinanunua siku tano na macho ya mtu mwingine. Bakshishi nayo ni desturi, na si ndogo. Uliza pia kama bei inajumuisha mchinjaji wa kukata na kufunga nyama.

Ile njia ya bei rahisi nayo si dola mia. Utanunua bunduki na darubini yake, viatu, begi la fremu, mifuko ya kitambaa ya nyama, madeli ya barafu, na risasi za kufanyia mazoezi miezi kadhaa, maana kumjeruhi mnyama mkubwa hivyo akaenda kufia mbali ni jambo litakalokusumbua usingizini. Mume wangu anasema mwaka wa kwanza haukumalizika chini ya dola elfu mbili. Ni kweli vitu vinabaki. Friza la pili gereji nalo limebaki, na umeme wake nalipa mimi.

Kuhusu wenzio. Hujasema kama unawaamini, umesema tu kwamba wapo. Misimu mitatu na jike mmoja si rekodi mbaya huku, usiwacheke. Ila nenda ukae nao, uwaulize vitu vidogo. Yule jike waliutoaje mwili wake, na kwa saa ngapi? Nani ana kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti? Bia zinafunguliwa saa ngapi, na bunduki wakati huo ziko wapi? Kuna siku yoyote mmoja wao aliwahi kusema jamani turudi, na wengine wakarudi? Wewe kazi hiyo ya kusema turudi uliifanya kwa mshahara. Swali ni nani ataifanya kwako. Septemba hakuwepo mtu.

Niende kwa mkeo. Nakusihi usimchukulie kama kikwazo cha safari. Hayo ya nyara za serikali unaweza kuyaona ushamba wa kwetu, lakini yana mantiki: huku pia kuna jela na faini, ila milango yake ni mingine. Kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 kwa kawaida lazima awe amepita kozi ya usalama wa uwindaji ndipo auziwe leseni. Msimu wa bunduki unavaa rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, na kofia ya rangi hiyo. Shamba la mtu halihitaji kuwa na kibao: ukivuka mpaka bila ruhusa umekosa, hata kama hukuona uzio. Maeneo mengi dume halipigwi mpaka liwe na ncha nne upande mmoja wa pembe, au ncha ya chini yenye inchi tano. Na kila mwaka kuna mtu anayempiga musi, mnyama mwingine mkubwa wa jamii ya elki, akidhani ni elki. Ukifutiwa leseni hapa, majimbo karibu yote yanalifuata jina lako.

Hukuniambia una karatasi gani. Kama una makazi ya kudumu, sheria inakuruhusu kumiliki bunduki ya kuwindia. Kama hali yako ni nyingine, pita kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla hujapita dukani, kwa sababu kuna watu ambao kushika bunduki tu ni kosa la serikali kuu. Na fomu ya kuomba uraia inauliza kama uliwahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kushtakiwa.

Bunduki ndani ya nyumba yenye kijana wa miaka 15: Colorado inataka ifungiwe asipoweza kuifikia. Sisi tunayo kabati ya chuma, imepigiliwa boliti ukutani, na namba zake anazijua mtu mmoja. Ilinichukua mwaka kuzoea kupita mbele yake. Mkeo akisema haiingii, pengine ndiyo kauli yake ya mwisho, na pengine anaomba kuulizwa ingekaa wapi. Wewe ndiye unayemjua.

Hofu ya mtu mweusi msituni siifanyii mzaha. Nilimuuliza mume wangu kwa niaba yako. Alisema misimu yote hiyo, mara moja alitazamwa vibaya kwenye kituo cha mafuta mpaka akaondoka bila kujaza. Mara nyingine mzee mmoja alimfuata kwenye maegesho ya msitu, moyo ukamwenda mbio, kumbe anamletea kahawa. Haendi peke yake kamwe. Akifika, jambo la kwanza ni kuingia ofisi ya misitu kusalimia na kusema atakuwa wapi. Mkeo asikie hayo kwa mtu aliyekwenda, isiwe kwako wewe unayetaka kwenda.

Halafu kuna njia zilizo katikati, na nashangaa hukuzitaja, pengine kwa sababu hakuna aliyekusimulia. Kuna kampuni zinazokupeleka kwa farasi mpaka kambini, zikakuachia hema na kuni, zikarudi kukuchukua. Bei huwa nusu ya hiyo au pungufu, ila usiku mko wenyewe, na aliyepotea Septemba anaweza kupotea vilevile. Kuna wenye nyumbu ambao hawakupeleki kokote, wanakuja kuitoa nyama tu ukiwaita, ilmradi umekubaliana nao mapema na wana kibali cha eneo hilo. Kuna leseni ya jike, ambayo nyama yake ni laini zaidi na huna haja ya kuhesabu ncha za pembe. Nyingi zinapatikana kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Mamlaka ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife, ina mpango wa kuwaunganisha wawindaji wapya na wazoefu. Nafasi si nyingi, lakini kuuliza ni bure.

Na ipo moja ambayo mume wangu aliitoa, nami nikamwangalia mara mbili. Alisema: kwa nini asiende Oktoba hii na hao wenzake bila bunduki? Awe mgumu. Apike, abebe, ajifunze kuchuna, aone wanavyokaa kambini, alale usiku tisa kwenye theluji. Uwindaji wenyewe asiuguse, maana asiye na leseni ana mipaka, na ofisi ya wanyamapori itamweleza mipaka hiyo. Najua jinsi itakavyokuuma kusikia hilo baada ya yote uliyoandika. Huenda ndiyo njia usiyoweza kabisa. Nimeiweka tu mezani.

Kijana wako sijamsahau. Miaka 15 hapa anaruhusiwa kuwinda elki, ilmradi awe na cheti cha kozi, leseni yake, ambayo ni rahisi sana kwa vijana, na mtu mzima pembeni. Kozi hiyo mnaweza kuikaa pamoja, baba na mwana kwenye viti vya plastiki, na haikufungi kwenda popote. Ukilipa kampuni, umelipa kiti kimoja, yeye anabaki nyumbani na video zake. Ukienda na wenzio, je, ungempeleka kwenye kambi hiyo? Ukisita kujibu, ni vema ujiulize kwa nini inakutosha wewe na haimtoshi yeye.

Kuhusu Desemba, siwezi kukuamulia kati ya mama yako na elki, na sitajaribu. Wewe unajua sauti ya mama yako ikoje kwenye simu siku hizi. Nimewaona watu waliosema mwakani, na mwakani wakasafiri kwenda kuzika. Nimewaona pia wanaume waliosema mwakani kuhusu jambo walilolipenda, mpaka magoti yakakataa, na wakawa wachungu kwa wake zao bila kujua ni kwa nini. Hesabu ya tiketi na ya kampuni zinafanana kwenye karatasi, ndiyo maana mkeo ameziweka pamoja. Kaeni muzitenganishe muone kama kweli moja inaila nyingine, au kama mmoja wenu ametafuta njia ya kusema ninaogopa.

Lipo moja nimelifanya bila idhini yako, nalikiri hapa. Uliandika kwamba mama watoto ananisoma. Marangu, Aurora, lori, Craig, kijana wa 15: kwa maelezo hayo angekujua kabla ya kufika aya ya tatu, na habari za Septemba angezisomea hapa. Kwa hiyo nilizuia barua yako wiki moja, nikakutumia ujumbe kwenye ile namba uliyoiandika chini. Jumanne usiku ulijibu kwa neno moja: "Nimemwambia." Hukusema alijibu nini, nami sikuuliza.